Umeme Umefika Kigoma, Haujafika Chunguni

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma uliwashiwa taa kwa dizeli. Kidatu ilipoanza kufua umeme wa maji mwaka 1975, na Mtera ilipofuata mwaka 1988, miji ya mashariki na kaskazini ya nchi ilipata ahueni dhidi ya bei ya mafuta iliyokuwa imepanda mno tangu mwaka 1973. Kigoma haikuipata ahueni hiyo. Kigoma na Ujiji, na baadaye Kasulu na Kibondo, ziliendelea kutazama upande wa reli na barabara, kwani kila pipa la dizeli lilipaswa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani ndipo mtambo uungurume. Shehena ilipochelewa, au kipuri kilipokosekana, ofisi, maduka na mashine za kusaga zilisimama pamoja, na mwanafunzi wa kidato cha nne akarudi kwenye kibatari chake.

Ndiyo maana hatua ya Oktoba 2022 haikuwa ndogo. Rais Samia Suluhu Hassan, katika ziara yake mkoani humo, alizima mitambo ya dizeli kuwa ishara kwamba mkoa umeanza kuingizwa katika gridi ya Taifa. Umeme huo umeingia kwa njia ya Nyakanazi, mahali ambapo pia umeelekezwa umeme wa maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Katika mto Malagarasi, kwenye maporomoko ya Igamba, umepangwa mradi wa megawati 49.5 ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2020. Kwa ufupi, hilo ndilo jibu la shughuli za umeme za ukanda huu kwa mabadiliko ya tabianchi: kuacha mafuta na kushika maji.

Jibu hilo ni sahihi. Lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

Mtu anayefika Mwandiga, mahali zinapoachana barabara ya kwenda Kasulu na ile ya kwenda Manyovu mpakani mwa Burundi, haoni tatizo la umeme. Waya zimepita juu ya mapaa, taa zinawaka madukani, simu zinachajiwa. Ila chini ya waya hizo hizo mkaa unauzwa kwa gunia na kwa kopo, mizigo ya kuni inashuka kutoka milimani juu ya vichwa vya akina mama na juu ya baiskeli, na nyuma ya nyumba moshi unafuka tangu alfajiri. Umeme umeipa familia mwanga. Chakula cha familia ile ile bado kinaivishwa na mti uliokatwa mahali fulani. Na katika hesabu ya nishati ya nyumba ya Mtanzania, taa ni kitu kidogo sana ukilinganisha na chungu.

Kwa takwimu za Serikali, nchi hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Si zote zinazopotea kwa kuni na mkaa, kwa maana kilimo cha kuhamahama na mifugo navyo vina sehemu yao kubwa. Hata hivyo mkaa una tabia yake ya pekee: hufuata barabara na hufuata mji. Kila barabara nzuri inapojengwa, gharama ya kusafirisha gunia hupungua, na shoka huingia ndani zaidi. Barabara ya lami ya Mwandiga hadi Manyovu, yenye kilomita 60, imeleta kahawa, ndizi na maharage sokoni kwa wepesi usiojulikana zamani, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka irudi kuwa tope. Lakini lami haibagui mzigo.

Watumishi wa Serikali na walimu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa kwamba tabianchi imebadilika. Ziwa limewafundisha. Watafiti waliolichunguza Ziwa Tanganyika walieleza mwaka 2003 kwamba maji ya juu yameongezeka joto, na kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini. Jambo hili linastahili kuelezwa darasani, kwa sababu ni rahisi kulifahamu. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Rutuba yake imelala chini, ilhali dagaa na chakula chao wanaishi juu, penye mwanga. Upepo wa kusi ndio unaoyakoroga maji hayo na kuipandisha rutuba. Maji ya juu yanapozidi joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ule ule hauna tena nguvu ya kuyakoroga. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki ziwani ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20. Ongeza juu yake nyavu nyingi na mitumbwi mingi, na inaeleweka kwa nini Serikali ililazimika kusimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Wakati huo huo kina cha ziwa kilipanda, maji yakaingia katika makazi na sehemu za biashara za mwambao, Kibirizi ikiwa miongoni mwake. Ziwa limejaa maji na kupungukiwa samaki kwa wakati mmoja!

Ni kweli kwamba joto hilo halikupikwa Mwandiga. Limepikwa kwa karne mbili katika viwanda na magari ya mataifa tajiri, na haki inadai kwamba walioharibu ndio wabebe sehemu kubwa ya mzigo wa kutengeneza. Tanzania ilipotangaza mwaka 2021 kwamba itapunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, haikufanya hivyo kwa kukiri kosa lisilo lake. Lakini mlima uliobaki upara hauulizi nani aliyeanza. Mvua ikinyesha juu yake, udongo unashuka katika mto Luiche na vijito vingine hadi ziwani, unafunika mawe ambayo samaki huzaliana kati yake, na mto unaofurika Machi unakuwa mkondo mwembamba Septemba. Hapo ndipo mkaa na umeme wa maji vinapokutana, ijapokuwa katika ofisi hushughulikiwa na wizara mbili tofauti.

Taifa limekwisha kuonja ladha ya kutegemea maji bila kutunza yanakotoka. Oktoba 2015 vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2022, mwezi mmoja tu baada ya sherehe za Kigoma, ukame ulirudisha mgawo wa umeme sehemu nyingi za nchi. Mapema zaidi, mwaka 2006, ukame ulizaa mikataba ya dharura ya mitambo ya mafuta na gesi ambayo matokeo yake ya kisiasa yalifika hadi Bungeni mwaka 2008, na ambayo hakuna haja ya kuyasimulia upya. Basi Kigoma imeacha kulitegemea lori la dizeli na kuanza kuitegemea mvua. Mvua ni mfadhili mwema kuliko lori, ila naye ana masharti yake. Malagarasi unapata bahati ya kupita katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya kwanza nchini kupewa hadhi hiyo. Ardhi hiyo ni kama sifongo: hunyonya maji wakati wa masika na kuyaachia polepole kiangazi. Mtambo wa Igamba, siku utakapozunguka, utazungushwa na sifongo hiyo. Mwenye kuchoma mkaa katika miombo inayoizunguka anapunguza umeme, ajapokuwa hajui.

Sasa lipo jambo la kushangaza zaidi. Machi 2024, baada ya mvua nyingi na baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Aprili 2025 mitambo yote tisa ya bwawa hilo, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika, na uwezo wa mitambo yote nchini ukavuka megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa karibu nusu ya hapo. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vilitangazwa kuwa vimefikiwa na umeme. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba maji yalimwagwa bila kuzungusha mtambo, usiku ambao mama wa Mwandiga alikuwa akipuliza moto wa kuni. Nchi iliyotumia matrilioni ya shilingi kujenga bwawa haiwezi kuridhika kwamba kazi ya bwawa hilo ni kuwasha balbu.

Yapo mambo yanayomzuia mama yule, na si ukaidi. La kwanza ni bei jinsi ilivyopangwa. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yake ya mwezi yasizidi uniti 75. Akizidisha, kila uniti ya ziada hutozwa shilingi 350. Mpango huo ulikuwa wa huruma. Ulikusudiwa kumlinda mnyonge. Lakini uliwekwa kwa kudhani kwamba mnyonge anawasha taa, anasikiliza redio na kulala. Uniti 75 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Familia ikitoa taa, televisheni na jokofu, kinachobaki hakitoshi kuivisha chakula cha mchana na cha jioni kwa jiko la kawaida la umeme, na siku ile inapojaribu kupika ndiyo siku inayovuka mstari na kuadhibiwa. Mnyonge anafundishwa na bei yenyewe kwamba umeme si wa kupikia. Hapana budi Shirika la Umeme pamoja na mamlaka inayopanga bei vikae chini na kuongeza kikomo hicho, au kuweka kiwango maalumu cha kupikia, hasa saa za mchana na usiku wa manane ambapo mitambo haina kazi.

La pili ni chombo chenyewe. Jiko la umeme la koili hula umeme mwingi na ni haki kuliogopa. Jungu la umeme la shinikizo ni kitu kingine: kwa kuwa limefungwa na joto halitoki, huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Maharage ya Kigoma yana sifa nchi nzima, na kila mpishi anajua ni mkaa kiasi gani huteketea juu yake. Ila jungu hilo hununuliwa kwa fedha taslimu, mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Anayepata fedha zake kidogo kidogo hununua kidogo kidogo, hata kama mwisho wa mwaka amelipa zaidi. Shirika linaweza kumkopesha mteja jungu na kukata deni katika kila ununuzi wa uniti. Njia hiyo ya makato tayari inajulikana.

Kuna wanaosema jibu ni gesi ya mitungi, na kampeni ya gesi imefanyika kwa nguvu. Gesi ni bora kuliko kuni kwa macho na mapafu ya mpishi, hilo halibishaniwi. Hata hivyo gesi hiyo huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na mtungi unaofika Kigoma kwa lori kutoka pwani haukosi kubeba gharama ya safari yake. Mkoa uliokwisha kuponywa ugonjwa wa kusubiri dizeli usije ukaambukizwa ugonjwa wa kusubiri gesi.

Kisha kuna mawese, ambayo katika mikutano ya nishati hayatajwi kabisa. Mwandiga na vijiji vinavyoizunguka ni nchi ya michikichi. Tangu mwaka 2018 Serikali imelivalia njuga zao hili, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimekabidhiwa kazi ya kuzalisha mbegu bora ili Taifa lipunguze kuagiza mafuta ya kula. Sasa, chikichi haitoi mafuta mpaka ichemshwe, nayo huchemshwa katika mapipa juu ya moto wa kuni, kisha mafuta yenyewe huchemshwa tena kuondoa maji. Mavuno yakiongezeka mara mbili au tatu kama inavyotarajiwa, na majiko yakabaki yale yale, michikichi itakuwa imepandwa kwenye bonde ili kumaliza miti ya mlimani. Dawa iko karibu. Makapi yanayobaki baada ya kukamua, pamoja na maganda magumu ya mise, ni kuni tosha yakikaushwa na kuchomwa katika jiko lililojengwa vizuri lenye bomba la moshi. Wakamuaji wengi huyatumia makapi kwa kuwashia tu. Maofisa ugani wanaogawa miche wangegawa pia mchoro wa jiko.

Wavuvi, kwa upande wao, hawakungoja mchoro wa mtu. Kwa miaka mingi dagaa wa Ziwa Tanganyika walivuliwa kwa mwanga wa karabai, na kila usiku wa giza ziwa liling'aa kama mji huku lita nyingi za mafuta ya taa zikiungua. Taa za betri zinazochajiwa kwa jua zilipokuja, wavuvi wengi waliziacha karabai bila semina na bila posho, kwa sababu waliona faida mfukoni.

Upande wa shule, hata hivyo, amri ilitangulia na faida haijaonekana. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa Taifa wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi wanaopika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri na amri ni halali. Ila kila mwalimu anayesoma ukurasa huu anajua namna sufuria ya makande ya shule inavyopikwa: juu ya mawe matatu, au katika jiko la matofali lililopasuka, kwa kuni ambazo mara nyingi zimebebwa na wanafunzi wenyewe. Mtoto anafundishwa asubuhi kwamba misitu ni mali, kama kampeni ya jina hilo ilivyowafundisha wazazi wake miaka ya 1980, kisha anaambiwa kesho aje na kuni. Mkuu wa shule asilaumiwe kwa hilo peke yake. Amepewa amri bila fungu.

Kigoma inao mfano wa karibu unaopaswa kukumbukwa kabla ya kununua chochote. Mwaka 2008 Tanzania ilitia saini mkataba wa msaada na Marekani ambao ndani yake ulikuwamo mradi wa umeme wa Igamba. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba ungehatarisha viumbe adimu wa mto ule, mradi uliondolewa, na sehemu ya fedha ikanunulia mkoa mitambo ya sola katika shule za sekondari 45, vituo vya afya 10 na zahanati 120. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini betri ya sola huchoka baada ya miaka michache, na taasisi isiyoweka akiba ya kuinunua upya hubaki na vioo juu ya paa na giza chini yake. Mfadhili hununua mara moja. Kutunza ni kazi ya mwenye mali. Jiko la shule nalo litakuwa hivyo hivyo. Likiletwa na gari la sherehe, likapigwa picha, kisha waya wake ukaungua bila fundi wala fedha ya fundi, kuni zitarudi wiki ile ile.

Mapendekezo ya bajeti za halmashauri huandaliwa katika miezi ya kati ya Novemba na Februari, kabla ya Bunge kuketi Aprili na mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Gharama za kuni, ziwe fedha au migongo ya watoto, huingia humo kila mwaka bila mtu kuziuliza. Fungu la jiko, pamoja na fungu dogo la kulitengeneza, halitajiandika lenyewe. Wa kuliandika ni mkuu wa shule, ofisa elimu na mweka hazina, na inafaa waliandike kabla majalada hayajapelekwa Dodoma.